Nyumba za Mawe za Lamu, na Somo kwa Watu wa Milimani

Mtu asimamaye asubuhi juu ya mojawapo ya vilima vya Nyamache, katika nchi ya Abagusii, huona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalitazami tena. Nyumba zimetawanyika kila upande. Hii iko ukingoni mwa shamba la chai, ile imejificha nyuma ya migomba, nyingine iko bondeni karibu na kijito, na moshi wa kila moja hupanda peke yake. Kila boma lina ua wake na njia yake. Nyumba haiegemei nyumba ya jirani.

Desturi hiyo ya kujenga mbalimbali ina maana. Abagusii wana sheria za adabu ziitwazo chinsoni, ambazo hulinda heshima baina ya wazazi na watoto, na baina ya mtu na wakwe zake. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyekwisha kuoa, wala mwana hasemi maneno ya upuuzi mbele ya baba yake. Zamani vijana wa kiume walipofikia umri wao hawakulala tena kwa mama. Walikuwa na nyumba yao wenyewe, iitwayo esaiga. Kwa hiyo mlinzi mkubwa wa heshima alikuwa umbali. Hatua chache za majani baina ya mlango na mlango zilitosha kuzuia sauti isisikike na jicho lisione lisilopasa kuona.

Lakini umbali wahitaji ardhi, na ardhi haizai. Zamani hapakuwa na mtu aliyewazia msongamano wa leo. Bali katika hesabu ya mwaka 2019 wilaya ya ugatuzi ya Kisii ilionekana kuwa na watu zaidi ya 900 katika kila kilometa moja ya mraba. Shamba ambalo babu alililima peke yake limegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wajukuu. Katika masoko nyumba zajengwa safu, ukuta mmoja ukitumiwa na majirani wawili. Basi lazuka swali ambalo kila mwenye boma hana budi kulifikiri: umbali ukiisha, heshima italindwa na nini?

Swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani, kwa mawe na chokaa, na watu wa mji mmoja ulioko upande wa pili wa Kenya. Mji huo ni Lamu.

SAFARI YA KUSHUKA PWANI

Msafiri atokaye Nyamache huenda kwanza mjini Kisii, na kutoka hapo hupanda basi la Nairobi, mwendo upitao kilometa 300. Nairobi aweza kupanda gari moshi la reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017, hata Mombasa. Kutoka Mombasa barabara yaelekea kaskazini, ikipita Kilifi na Malindi, ikavuka Mto Tana, na kufika Mokowe, penye gati. Hapo gari hukoma. Lamu ni kisiwa, na msafiri hana budi kuingia mashuani.

Chombo kikikaribia, safu ya nyumba nyeupe huonekana imesimama kando ya maji, zimeshikana bega kwa bega kama watu waliopanga mstari. Nyingi zina roshani na veranda zenye nguzo, zikitazama bahari. Mgeni hudhani kwamba hizo ndizo nyumba za kale kabisa za mji. Sivyo. Safu hiyo ya mbele ilijengwa katika karne ya 19, wakati biashara ilipostawi na pwani ikajazwa udongo na mawe ili kupata mahali pa kujenga. Jumba moja lililo katika safu hiyo lilikaliwa na maafisa wa serikali ya Kiingereza, na sasa ni Makumbusho ya Lamu.

Mji wenyewe wa kale uko nyuma. Mtu akipenya kichochoro kimoja hutokea katika njia kuu iitwayo Usita wa Mui, yaani njia ya mji, ambayo hapo kale ilikuwa karibu na ukingo wa bahari. Ushahidi wake ni ngome kubwa ya Lamu. Ngome hiyo ilianza kujengwa yapata mwaka 1813, baada ya vita vya Shela, ikamalizika mwaka 1821, nayo ilisimama pwani kabisa. Leo iko ndani ya mji, na nyumba zimekaa baina yake na maji. Ilitumiwa kuwa gereza hata mwaka 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa.

Juu ya Usita wa Mui, upande wa kaskazini, ndiko Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe. Nyingi kati ya nyumba zinazosimama sasa ni za karne ya 18 na ya 19, lakini mji ni mkongwe kuliko hizo. Msikiti wa Pwani husemwa kuwa ni wa mwaka 1370. Vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hulazimika kungoja. Kuta za pande mbili hutupa kivuli karibu mchana kutwa, na upepo wa bahari hupita humo kama katika mfereji.

Na jambo la ajabu ni hili. Watu wa Lamu hawakubanana kwa kukosa ardhi. Hesabu ya mwaka 2019 yaonyesha kwamba Lamu yote, pamoja na bara yake, ina watu wapatao 144,000 tu, yaani kama 23 kwa kila kilometa ya mraba. Walikaribiana kwa hiari yao, kwa ajili ya biashara, ya ujamaa, ya msikiti na ya usalama. Kwa kuwa walichagua kukaribiana, iliwabidi wafikiri sana namna ya kukaa karibu bila kuvunjiana heshima.

MAWE, CHOKAA NA BORITI

Vitu vya kujengea vilitoka hapo hapo. Mawe ni matumbawe, mawe yaliyofanyizwa na vidudu vya bahari kwa muda wa miaka mingi sana. Mengi yalichimbwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Matumbawe yatolewayo baharini huwa laini yakiwa mabichi, na fundi aweza kuyachonga. Yakikauka huwa magumu. Mtu wa Kisii aliyewaona mafundi wa Tabaka wakichonga jiwe lao laini hatashangaa kusikia hayo, maana kazi ni ndugu moja ingawa jiwe si moja.

Chokaa nayo hutokana na matumbawe hayo hayo. Mawe hupangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa hata yakawa meupe na mepesi, kisha hutiwa maji, na chokaa huachwa ipoe na kukaa kabla ya kutumiwa. Kwa chokaa hiyo mafundi waliunganisha mawe, wakapiga lipu ndani na nje, wakatengeneza sakafu na dari. Kuta zao ni nene, futi moja na nusu au zaidi, na kwa sababu hiyo joto la mchana halipenyi upesi, wala sauti ya jirani.

Dari hushikwa na boriti, miti ya mikoko ikatwayo katika vinamasi vya pwani. Boriti hupangwa kutoka ukuta hata ukuta, zikafunikwa kwa vipande vya mawe, kisha kwa tabaka nene la kokoto na chokaa. Dari ya namna hiyo ni nzito mno, na mti wa mkoko hauwezi kuchukua uzito huo ukiwa mrefu sana. Kwa hiyo chumba cha nyumba ya Lamu hakipiti upana wa futi nane au tisa. Kinaweza kuwa kirefu kadiri mwenyewe apendavyo, lakini upana wake umepimwa na mti. Boriti za Lamu zilipakiwa majahazini miaka mingi kupelekwa Arabuni na nchi za Ghuba, na huko nako zilipima upana wa vyumba vya watu, hata serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuzipeleka nchi za nje mwaka 1982.

Wazee wa Nyamache waliojenga kwa miti, fito na udongo, na kuezeka kwa majani, waliijua sheria hiyo hiyo: nyumba hupimwa na mti wake.

KUINGIA NYUMBANI

Uzuri wa nyumba ya Lamu hauko nje. Ukuta wa kichochoroni ni mtupu, madirisha ni machache na yako juu, na mpita njia haoni kitu ila mlango. Mlango wenyewe ni wa mti mgumu uliochongwa nakshi, una mbao mbili na mhimili katikati. Mbele yake pana daka, yaani ukumbi mdogo wenye viti vya mawe huku na huku. Mgeni asiye wa jamaa huketi hapo. Bwana wa nyumba hutoka, wakasalimiana, wakazungumza biashara zao, na shughuli ikaisha bila mgeni kuvuka kizingiti. Hivyo daka lafanya kazi ile ile ifanywayo na uwanja wa mbele katika boma la Nyamache.

Anayeruhusiwa kuingia hupita kwanza katika tekani, ukumbi wa ndani ya mlango. Hapo njia hupinda, wala haiendi moja kwa moja. Hata mlango ukiachwa wazi, jicho la mpita njia hugonga ukuta. Baada ya tekani ndipo huja kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, uletao mwanga na hewa katika nyumba nzima. Mgeni alalaye hupewa sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na vyumba vya wenyewe, ili aweze kuingia na kutoka bila kuwasumbua wanawake wa nyumbani.

Vyumba vya wenyewe hufuatana kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba. Cha kwanza ni msana wa tini, cha pili msana wa yuu, na nyuma yake ndani, chumba cha bibi wa nyumba. Sakafu huinuka kidogo kila mtu asogeapo mbele, na mwanga hupungua kidogo kidogo. Kwa hiyo mwili wenyewe hutambua kwamba waingia mahali pa siri zaidi. Hakuna haja ya mtu kusema, "Usipite hapa." Nyumba yenyewe yasema.

Huko ndani ndiko kwenye fahari. Ukuta mmoja mzima umejaa zidaka, yaani mashubaka madogo madogo yaliyopangwa safu juu ya safu, na kingo zake zimechongwa maua na mafundo katika chokaa ilipokuwa haijakauka. Ndani yake ziliwekwa sahani na mabakuli ya Kichina, vitabu na vitu vya thamani. Tena zidaka zina faida nyingine: chumba chembamba huonekana kana kwamba kimeongezwa upana, na ukuta hupunguziwa uzito. Hivyo fundi aliyefungwa na urefu wa boriti alitafuta ujanja wa kulipanua jicho, kwa kuwa hakuweza kukipanua chumba.

Nyumba nyingi zimeelekezwa kaskazini, upande wa Makka. Chooni pana birika la maji, ambamo samaki wadogo hufugwa ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika hubandikwa sahani ya Kichina ili samaki wapate maji ya kukaa birika linapopungua. Jiko huwekwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi na joto viende zao bila kuingia vyumbani.

Imebaki habari ya wikio. Mahali pengi msafiri apitapo kichochoroni huona chumba kimejengwa juu ya kichwa chake, kikivuka njia kama daraja kutoka nyumba hata nyumba. Hilo ndilo wikio. Desturi ya Lamu ilikuwa baba kumpa binti yake nyumba aolewapo. Na aliyeweza alimjengea karibu, au juu ya nyumba yake mwenyewe, au ng'ambo ya kichochoro, na kuziunganisha kwa wikio. Kwa njia hiyo mama na binti waliweza kutembeleana bila kutoka nje, na kila mmoja akawa na mlango wake.

Basi jibu la Lamu ni hili. Mahali ambapo Mgusii aliweka umbali, mtu wa Lamu aliweka ukuta mnene, mlango uliopinda, sakafu iliyoinuka na chumba cha mgeni. Adabu ni ile ile; chombo cha kuilinda ndicho kilichobadilika.

SHERIA YA KUHIFADHI

Mji huo ungaliweza kupotea. Biashara ya majahazi ilipodhoofika katika karne ya 20, wenye mali wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikakosa wa kuzitunza. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Usam Ghaidan aliuchunguza mji nyumba kwa nyumba, na kazi yake ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1976. Mwaka 1986 mji wa kale uliandikwa katika Gazeti la Serikali kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na ofisi ya kuuhifadhi ikaanzishwa. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia, likausifu kuwa ndio mji wa Kiswahili wa kale kuliko yote, na uliotunzwa vizuri zaidi, katika Afrika ya Mashariki, ambao watu wangali wakiishi humo kama desturi yao. Eneo lenyewe ni hektari 16 tu. Mkulima wa zamani wa Nyamache angeliliita shamba la ukoo mmoja.

Sheria hiyo humzuia mwenye nyumba kuibomoa, kuiongeza ghorofa au kuibadilisha sura pasipo ruhusa. Wako waionao kuwa mzigo, na neno lao lafaa kusikilizwa. Mwenye nyumba ya urithi mara nyingi si tajiri. Nyumba ni ya ndugu wengi, baadhi yao wako Mombasa na wengine ng'ambo. Sheria yamkataza kutumia vitu rahisi, lakini haimpi fedha za kununulia vilivyo ghali. Boriti nzuri ni adimu kuliko zamani, na mwaka 2018 serikali ilipozuia ukataji wa miti, mikoko nayo iliingia katika katazo hilo. Kwa hiyo wengine wameuza. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 wageni matajiri, wengi wao kutoka Ulaya, wamenunua nyumba huko Lamu na Shela, wakazitengeneza kwa ustadi na kuwapa mafundi kazi. Lakini nyumba iliyotengenezwa vizuri na kufungwa miezi kumi ya mwaka haina mtoto alilaye humo, wala jirani agongaye mlango. Tena bandari mpya ilifunguliwa katika ghuba ya Manda mwaka 2021, na pamoja nayo yaja magari, fedha na watu wapya ambao kuta za kale hazikuwatazamia.

UFA NA UKUTA

Hata hivyo adui mkubwa wa nyumba za Lamu si tajiri wala bandari. Ni tone la maji.

Mgeni kutoka bara akimkuta fundi mzee wa chokaa kazini, na akamwuliza habari ya nyumba iliyoanguka, mazungumzo yao huwa kama haya:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini."

"Mzee, nyumba hii yenye kuta nene hivi iliangushwa na nini?"

"Iliangushwa na ufa usiozidi unene wa uzi. Ulikuwa juu ya dari. Mvua ikaingia, ikafika kwenye kichwa cha boriti ndani ya ukuta. Mti ukaoza pole pole, na watu wa chini hawajui. Siku moja dari ikashuka."

"Na nyumba ya pili, mbona nayo imepasuka?"

"Ilikuwa ikiiegemea hii, mwanangu. Huku nyumba haifi peke yake."

Neno hilo la mwisho ndilo moyo wa habari yote. Nyumba zikishikana, huchukuliana uzito na huchukuliana maradhi. Mtu aachaye dari yake kuvuja ameivujisha na ya jirani. Ndiyo maana zamani dari zilipigwa chokaa kila zilipoonyesha nyufa, nayo haikuwa anasa bali ni wajibu. Methali isemayo kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta yajulikana na kila mtoto wa shule kutoka Vanga hata Busia. Lakini katika vichochoro vya Mkomani si methali, ni habari ya mwaka huu.

Wako waliodhani kwamba wamepata dawa katika saruji. Waliona kuwa chokaa ni kazi ya polepole, wakaziba nyufa na kupiga kuta lipu ya saruji. Kwa kitambo nyumba huonekana mpya. Lakini ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na chumvi, na chokaa huuacha unyevu huo utoke. Saruji huufungia ndani. Unyevu ukikosa njia hula ukuta kwa ndani, na baada ya muda saruji hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Aliyetaka kuepuka gharama ndogo hujiletea kubwa. Kwa sababu hiyo wahifadhi wa mji huwahimiza wenye nyumba kurudia chokaa, na mafundi wachache wangali wakiwafundisha vijana kuichoma, kuipoza na kuipaka, kama vile wachonga milango wanavyowafundisha wanafunzi wao nakshi.

LIPI LA KUCHUKUA MILIMANI

Hakuna mtu mwenye akili atakayejenga nyumba ya matumbawe Nyamache. Huko mvua ni nyingi, baridi ya usiku ni kali, na bahari iko mbali. Kila nchi ina nyumba yake. Lakini msafiri arudiye milimani kutoka Lamu aweza kuja na mambo matatu begani mwake, nayo hayana uzito.

La kwanza ni kwamba watu waweza kukaribiana na heshima ikabaki, iwapo mjenzi ameifikiri kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Yeye ajengaye safu ya nyumba sokoni, au awagawiaye wanawe kiwanja kidogo, aweza kujiuliza maswali ya Lamu. Mlango huu watazamana na upi? Mgeni ataketi wapi asipite vyumbani? Mkwe akija, ataonana na nani kwanza? Kuigeuza milango isitazamane, na kuinua dirisha juu ya kichwa cha mpita njia, hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji. Aliyejenga bila kuuliza atayasikia maswali hayo baadaye katika magomvi ya wanawe.

La pili ni kwamba ukuta wa watu wawili wataka watu wawili. Abagusii wanalo neno egesangio, yaani majirani kushirikiana kazi, leo katika shamba la huyu, kesho katika la yule. Desturi hiyo ilifaa kwa majembe. Yafaa vilevile kwa mapaa na mifereji. Wenye nyumba za safu wakiagana kwamba kila mwaka, kabla ya mvua za masika, watapanda wote pamoja kukagua mabati, kuzibua mifereji na kuziba nyufa, watakuwa wamefanya kwa siku moja kazi ambayo hakuna askari wala karani awezaye kuwafanyia.

La tatu lahusu sheria yenyewe. Tangu mwaka 1986 sheria imezuia mengi mabaya katika Lamu, na pasipo hiyo huenda safu ile nyeupe isingekuwapo leo kupokea mashua za wageni. Lakini sheria huweza kusema tu, "Usibomoe." Haiwezi kupanda darini na ndoo ya chokaa. Kazi hiyo yabaki kwa mwenye nyumba na jirani yake.

Jioni, jua likizama nyuma ya mji wa Lamu, wazee huketi madakani na kusalimu wapitao. Viti vya mawe wanavyokalia vimelainishwa na mavazi ya baba zao na babu zao. Wakati huo huo, kule Nyamache, moshi hupanda kutoka boma hata boma, na wenye nyumba huitana kwa sauti kupita juu ya ua. Nyua hizo zasogeleana mwaka hata mwaka. Heri wale watakaoanza kufikiri habari ya ukuta wakati bado wana nafasi ya kuchagua mahali pa kuuweka.